Simu inatetemeka mfululizo badala ya kufuata mdundo wa wimbo: nimekosea wapi?

Mpanga Msimbo aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu.

Naandika programu ya kucheza muziki kwa simu za Android, kwa lugha ya Kotlin, na kwa upande wa kucheza nyimbo zenyewe sina malalamiko, kwa kuwa kazi hiyo inafanywa na ExoPlayer, maktaba ya msimbo ya kucheza sauti, nami nimepanga tu orodha na vitufe. Sababu ya kuianza ni nyingine. Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni, na kila panapokuwa na shughuli mtaani kwetu Temeke yeye husogea hadi kwenye spika kubwa, huweka kiganja juu ya boksi lake, hushika mdundo, kisha huingia kucheza singeli na wenzake bila kupotea. Nilitaka apate mdundo huo mkononi hata siku ambayo hakuna spika ya kuegemea.

Nilichofanya ni kuifunga klasi ya Visualizer kwenye sauti inayotoka kwenye programu. Klasi hiyo hunipa vipimo vya sauti mara 20 kwa sekunde. Kila kipimo kinapofika, nachukua nguvu ya besi, naigeuza kuwa namba kati ya 1 na 255, kisha naamuru simu itetemeke kwa milisekunde 50 kwa nguvu hiyo, nikitumia VibrationEffect.createOneShot.

Matokeo yake yamenivunja moyo. Kwenye simu yangu, ambayo ni ya bei nafuu, mtetemo hauna mdundo wowote. Unavuma mwanzo hadi mwisho wa wimbo kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, na nguvu yake haibadiliki hata kidogo. Kwenye simu ya rafiki yangu, ambayo ni ya bei kubwa, nguvu inapanda na kushuka, lakini mdundo unafika ukiwa umechelewa, na kwa singeli kuchelewa huko kunaharibu kila kitu. Zaidi ya hayo, Visualizer inanilazimu kuomba ruhusa ya maikrofoni, na watu wawili niliowapa programu waijaribu wameikataa ruhusa hiyo na kuniuliza, kwa haki kabisa, ni kwa nini programu ya muziki inataka kuwasikiliza. Na skrini ikizimwa, mtetemo unakatika huku wimbo ukiendelea.

Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupita njia hii. Je, tatizo ni hesabu zangu, au simu hizi haziwezi kazi ninayozitaka zifanye?

Fundi Mitetemo alijibu:

Karibu sana, ndugu yangu. Mimi kazi yangu ya kwanza ni kutengeneza simu na kuandika programu ni ya pili, kwa hiyo nitaanza na kitu kilichomo ndani ya simu yako, maana nadhani hapo ndipo ulipoteleza.

Ukiifungua simu ya bei nafuu utakuta mota ndogo ya duara au ya silinda yenye kipande cha chuma kilichokaa upande mmoja wa mhimili wake. Mota ikizunguka, chuma hicho huyumba, na kuyumba huko ndiko mtetemo unaousikia. Sasa fikiria feni ya mezani: ukiibonyeza haifiki kasi yake papo hapo, na ukiizima haisimami papo hapo. Mota hii nayo ina tabia hiyo hiyo. Kwa kawaida huhitaji kati ya milisekunde 50 na 100 ili ifike kasi kamili, na huhitaji muda mwingine wa kutulia. Wewe unaiamuru itetemeke kwa milisekunde 50 mara 20 kila sekunde. Zidisha: 50 mara 20 ni 1,000, yaani sekunde nzima bila mwanya wowote. Mota haipati nafasi ya kusimama, na mdundo ni mwanya pia, si kishindo peke yake. Nyuki wako ametoka hapo.

Kuhusu nguvu isiyobadilika, kabla ya jambo lolote iulize simu kwa hasAmplitudeControl. Jibu likiwa la kukana, hata ukiandika 1 au 255 ni sawa, kwa sababu simu hiyo inajua kuwasha na kuzima tu. Kwenye simu za namna hiyo mimi hutumia urefu wa mtetemo badala ya nguvu: mdundo mdogo naupa milisekunde 20, mkubwa naupa 45. Kwa kuwa katika milisekunde 20 mota haijafika kasi yake, kiganja hupokea mguso dhaifu, na mtu asiyeambiwa atadhani simu ina uwezo wa kupunguza nguvu.

Simu ya rafiki yako huenda ina mota ya aina nyingine, ambayo ndani yake kuna uzito unaoshikiliwa na springi na kusukumwa mbele na nyuma kwa sumaku. Hiyo huamka upesi zaidi, mara nyingi chini ya milisekunde 30, na hutulia upesi pia. Hata hivyo, nayo ina sauti yake moja. Springi na uzito huo hupenda kutetemeka kwa masafa fulani tu, katika simu nyingi kati ya Hz 150 na 235 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), na nje ya hapo nguvu yake huanguka. Kwa hiyo, usitarajie iimbe. Hata mota ya gharama kubwa kabisa haikuumbwa iwe spika. Ni mtu anayepiga meza kwa kidole kimoja. Ukiitaka ifuate besi, kinanda na sauti ya mwimbaji kwa pamoja itavuruga vyote vitatu, lakini ukiikabidhi kazi ya ngoma moja itaifanya vizuri.

Jambo la mwisho, ambalo wengi hawalioni wanaposoma maelezo kwa haraka: kila unapoita vibrate, amri mpya hufuta ile iliyokuwa ikiendelea. Amri zako hazipangi foleni. Zikifika zimebanana, kila moja hukatiza iliyotangulia, na simu nyingine hutoa mkwaruzo wa ajabu pale zinapokutana. Tuma amri pale tu mdundo unapotokea, kisha nyamaza hadi mwingine.

Sauti na Hesabu alijibu:

Naungana na Fundi kwa yote aliyosema, nami nitachukua upande wa sauti.

Vipimo 20 kwa sekunde maana yake ni kwamba hujui kilichotokea ndani ya kila milisekunde 50. Kwa wimbo wa taratibu hilo huvumilika. Singeli, hata hivyo, mara nyingi hupita midundo 200 kwa dakika, na tukichukua wimbo wa midundo 240, kati ya mdundo na mdundo kuna milisekunde 250 tu. Ukikosea kwa 50 umekosea kwa sehemu ya tano ya nafasi yote. Hapo hakuna mchezaji atakayekufuata, asikiaye wala asiyesikia. Na ukiongeza muda ambao mota huchukua kuamka, umekwisha kaa katikati ya midundo miwili, mahali pabaya kuliko pote.

Achana na Visualizer. Kwa kuwa wimbo unachezwa na programu yako mwenyewe, huna haja ya kuusikiliza kutoka nje kama mgeni anayechungulia dirishani. ExoPlayer ina kipande kiitwacho TeeAudioProcessor ambacho hukupa nakala ya sampuli za sauti, yaani vipimo vidogo vidogo vinavyoiunda, zikiwa njiani kwenda kwenye spika, na hakihitaji ruhusa ya maikrofoni. Ruhusa itakayobaki ni ile ya VIBRATE, ambayo mtumiaji haulizwi. Wale rafiki zako wawili watarudi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kata sauti vipande vya sampuli 1,024. Kwa sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kila kipande kina urefu wa milisekunde 23 hivi, na vipande 43 hufanya takribani sekunde moja. Ukikipitisha kila kipande kwenye mgawanyo wa Fourier, yaani hesabu ya kuitenganisha sauti katika masafa yake, utapata vyumba vya masafa vyenye upana wa Hz 43 kila kimoja, na vyumba vitatu vya kwanza baada ya kile cha sifuri hukusanya karibu ngoma nzito yote, yaani kuanzia Hz 43 hadi kama 150. Jumlisha nguvu ya vyumba hivyo, kisha ilinganishe na wastani wa sekunde iliyopita.

Hapa ndipo wanaoanza hukwama, nami nilikwama wiki nzima. Nilikuwa nasema: nguvu ikizidi wastani mara 1.4, huo ni mdundo. Kwenye muziki wa zamani njia hiyo hufanya kazi. Kwenye nyimbo za siku hizi, ambazo studio huzibana hadi kila sekunde iwe na kelele sawa na nyingine, wastani wenyewe upo juu muda wote na hakuna kinachouzidi. Nilipoacha kuuliza nguvu ni kiasi gani, nikaanza kuuliza imepanda kiasi gani tangu kipande kilichotangulia, midundo ilijitokeza wazi. Ngoma hujulikana kwa kupanda kwake ghafla. Besi ya gitaa inaweza kuwa na nguvu nyingi kuliko ngoma, lakini huingia polepole na kukaa. Ukishaupata mdundo mmoja, kataa mwingine wowote kwa milisekunde 120 zinazofuata, ili mwangwi wa ngoma usihesabiwe kuwa ngoma ya pili.

Sasa kuhusu kuchelewa. Njia bora ni kutofanya hesabu hizi wimbo ukiwa unachezwa. Nyimbo zipo ndani ya simu tayari, kwa hiyo zifungue kwa MediaExtractor na MediaCodec, zana za Android za kusoma faili za sauti, mara moja, mtumiaji anapoziongeza, uzichambue kwa nafasi na uandike orodha ya midundo: wakati wake na nguvu yake. Wimbo wa dakika 4 wenye midundo 240 kwa dakika una midundo 960. Ukiuhifadhi wakati kwa baiti 4 na nguvu kwa baiti 1, orodha yote ni baiti 4,800, ndogo kuliko picha yoyote ya jalada. Ukiwa na orodha hiyo unajua mdundo kabla haujafika, na unaweza kutuma amri milisekunde 40 mapema kwenye simu yenye mota nzito, au 15 mapema kwenye simu yenye mota nyepesi, ili kishindo cha mkononi na kishindo cha masikioni vikutane. Kufuata wimbo papo kwa papo hakutakupa nafasi hiyo kamwe, kwa kuwa huwezi kutuma amri ya jambo ambalo hujalijua bado.

Neno moja kuhusu aina za muziki. Kanuni ya besi niliyoieleza imepangwa kwa ngoma nzito, na ukiipa taarab ya asili, yenye fidla, qanun na udi, itakaa kimya karibu wimbo mzima. Kwa muziki wa namna hiyo tumia kupanda kwa nguvu katika masafa yote, si ya chini pekee, na upunguze nguvu ya mtetemo. Hata katika ngoma zetu za pwani, msondo na vumi vitanaswa upesi na vyumba vya chini, ilhali chapuo, yenye sauti kavu ya juu, itapita bila kuonekana. Kama una simu yenye mota nzuri, mpe msondo mtetemo mrefu na chapuo mguso mfupi, na utashangaa jinsi mkono unavyozitofautisha.

Mpita Njia alijibu:

Naona mnamchosha ndugu huyu bure. Tangu Android 12 ipo klasi ya HapticGenerator ambayo huchukua sauti ya wimbo na kuigeuza mtetemo yenyewe, bila Fourier wala orodha. Mistari mitatu ya msimbo inatosha.

Sauti na Hesabu alijibu:

Mpita Njia, ni kweli ipo, na kwa mwenye simu inayoikubali ni njia nzuri ya kuanzia. Lakini kabla ya kuiunda lazima uulize isAvailable, na jibu hutegemea kama mtengenezaji wa simu ameweka njia ya kupitisha mtetemo pamoja na sauti ndani ya vifaa vyake. Baadhi ya simu za Pixel huikubali. Simu ya bei nafuu ambayo ndugu yetu ameieleza, ambayo haiwezi hata kupunguza nguvu ya mtetemo, sitegemei iikubali. Na kwa atakayeijaribu: mkondo wa mtetemo huwa umenyamazishwa tangu mwanzo, kwa hiyo ni lazima uweke setHapticChannelsMuted kuwa si kweli kwenye AudioAttributes, la sivyo utakaa saa nzima ukitafuta kosa ambalo halipo.

Ushauri wangu ni kuitumia pale ilipo, na kurudi kwenye orodha ya midundo pale isipokuwepo. Ingawa, kwa maoni yangu, hata ilipo haichagui. Hutetemesha kila kilicho kizito, na kwa singeli hicho ni karibu kila kitu.

Tofaa Moja alijibu:

Kwa watakaosoma uzi huu wakiwa na iPhone, mambo huko ni tofauti kidogo. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019 kuna Core Haptics, inayofanya kazi kuanzia iPhone 8. Humo mtetemo una vipimo viwili: nguvu yake na ukali wake, na ukali ndio unaofanya mguso uwe butu kama kugonga mto au mkavu kama kugonga kioo. Unaweza kuandika wimbo mzima wa mitetemo katika faili la AHAP, ambalo ni maandishi ya JSON ya kawaida, na orodha ya midundo aliyoieleza Sauti na Hesabu hugeuzwa kuwa faili hilo kwa urahisi. Angalieni jambo moja: programu ikiwa inarekodi sauti, mtetemo huzimwa kwa chaguo la awali, kwa hiyo anayetaka kufuata muziki kupitia maikrofoni atajikuta amejifungia mlango.

Apple wenyewe waliongeza Music Haptics katika iOS 18, mwaka 2024, kwa iPhone 12 na zinazofuata, na waliiweka katika mipangilio ya watu wenye ulemavu. Ukipata nafasi ya kuishika simu yenye kipengele hicho, ishike dakika tano kabla hujaendelea na yako. Kwa walioandika kwa ajili ya kivinjari badala ya programu, Safari ya iPhone haina amri ya kutetemesha, basi msipoteze muda huko.

Mwalimu wa Ishara alijibu:

Hamjambo wanangu. Mimi si mtunga programu, ila nimefundisha watoto viziwi kwa miaka mingi hapa Pwani ya Kenya, na mwanafunzi wangu wa zamani ndiye aliyenitumia mazungumzo haya. Nina machache ya kusema kuhusu mkono wenyewe, kwa sababu naona mmeijua simu vizuri kuliko mlivyoujua mkono.

La kwanza ni kwamba mkono huchoka. Mtetemo usiopumzika hutia ganzi kiganja baada ya dakika chache, na mtoto huendelea kuishika simu kwa heshima tu huku hapati chochote. Ngoma ya shuleni haifanyi hivyo, kwa kuwa mpigaji huacha nafasi. Kwa hiyo, hata kama mashine inaweza kupiga kila kishindo, mpunguzie. Mpe mdundo wa kwanza katika kila minne kwa nguvu, mingine kwa upole, na mahali ambapo wimbo unapumua na simu ipumue pia.

La pili ni mahali pa kuishika. Jalada nene la mpira la simu hula sehemu ya mtetemo. Sisi darasani hulitoa, kisha huilaza simu juu ya kitu cha mbao kilicho wazi ndani, kama kiti au sanduku, na watoto watatu wanne huweka viganja pamoja. Wengine hupenda kuiweka kwenye mfupa wa kifua. Evelyn Glennie, mpiga ngoma mashuhuri wa Scotland ambaye ni kiziwi, hupiga akiwa peku ili apate mtetemo kwa nyayo, na watoto wangu walipoelezwa habari zake walivua viatu siku ile ile, nami nikawa na kazi ya kutafuta viatu hadi jioni.

La tatu, kiziwi si lazima awe hasikii kabisa. Wengi hubaki na uwezo wa kupata sauti nzito, hasa besi. Usiizime sauti kwa kudhani haina maana kwake. Mtetemo na kile kidogo anachosikia husaidiana.

Na la mwisho ni kwamba watoto huniuliza sana ni wapi mwimbaji ameanza, na ni wapi kiitikio kimerudi. Mtetemo hauwezi kusema hayo. Weka maneno ya wimbo kwenye skrini, yakipita kwa wakati wake. Mwanafunzi wangu anayejifunza kutafsiri nyimbo kwa lugha ya ishara (ninyi wa Tanzania husema lugha ya alama) hawezi kufanya lolote kwa mdundo mtupu.

Lakini kabla ya haya yote, mwanangu, mkabidhi mdogo wako simu na umwachie yeye akuambie. Sijaona popote ulipoandika maoni yake.

Fundi Mitetemo alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na asante. Naongeza tahadhari moja kwa kuwa skrini imetajwa. Baadhi ya programu humwekea mtumiaji skrini inayowaka na kuzima kama taa kila mdundo. Miongozo ya WCAG, ya kufanya kurasa za mtandao zitumike na watu wenye ulemavu pia, inasema kitu kisiwake na kuzima zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, kwa usalama wa watu ambao mwanga huo unaweza kuwaletea kifafa. Wimbo wa midundo 240 kwa dakika ni mara nne kwa sekunde, kwa hiyo singeli inakuvusha mpaka huo bila wewe kujua. Badili rangi polepole, au sogeza mstari, lakini usiwashe na kuzima.

Nilisahau pia kumjibu muulizaji kuhusu skrini kuzimwa. Android inataka programu iwe mbele ya mtumiaji ndipo itetemeke. Iliyo nyuma huruhusiwa tu ikisema kwamba mtetemo wake ni wa mlio wa simu, wa taarifa au wa kengele. Wapo wanaodanganya na kuuita mtetemo wa muziki kengele. Mimi nakushauri usifanye hivyo, kwa sababu siku mtumiaji atakaponyamazisha kengele zake ndipo atakapoanza kukulaumu. Mtu anayecheza akiwa ameishika simu mkononi anaweza kuiacha skrini ikiwaka. Weka FLAG_KEEP_SCREEN_ON na upunguze mwanga. Angalia pia kwamba simu haiko katika hali ya kuokoa betri, maana simu nyingi zikiingia humo hukata mtetemo bila kusema neno.

Mpanga Msimbo alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na nawashukuru wote. Nimechukua siku sita kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Nimeiondoa Visualizer na ruhusa yake. Nyimbo sasa zinachambuliwa zinapoongezwa, na kwenye simu yangu wimbo mmoja huchukua sekunde chache. Nilipouliza hasAmplitudeControl nilijibiwa kwamba uwezo huo haupo, kama Fundi alivyohisi, kwa hiyo ninatumia urefu: 45 kwa mdundo wa kwanza katika kila minne na 20 kwa mitatu inayofuata, na amri inatumwa milisekunde 40 kabla ya wakati.

Mwalimu, ulinishika pabaya. Ni kweli sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimemfungia zawadi ambayo hakuiomba. Jumamosi nilimpa matoleo mawili bila kumweleza tofauti. La zamani alilishika kama sekunde kumi, akaniashiria kwamba kuna mtu anapiga simu, nipokee. Lile jipya alilishika wimbo mzima. Kisha akaniomba kitu ambacho hakuna aliyekitaja hapa: katika singeli kuna mahali ambapo ala zote hukatwa na mwimbaji hubaki peke yake kwa muda mfupi, halafu ngoma hurudi kwa kishindo. Kwenye spika yeye hukijua kimya hicho kwa kiganja na hukisubiri. Kwenye simu kilikuwa hakipo, kwa sababu msimbo wangu ulipokosa mdundo ulijaza wa kukisia ili mfululizo usikatike. Nimeufuta ukisiaji huo.

Limebaki swali moja. Tukiunganisha simu na spika ya Bluetooth ili wengine wasikie naye acheze nao, mtetemo unatangulia sauti, tena kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, kwa kuwa yeye huanza kucheza kabla ya wenzake.

Fundi Mitetemo alijibu:

Hilo si kosa lako. Bluetooth huifunga sauti, huisafirisha na kuifungua upya upande wa pili, na safari hiyo huweza kuchukua milisekunde 100 hadi 300 kulingana na spika, wakati amri ya mtetemo haisafiri popote. Android hujaribu kukisia ucheleweshaji huo, lakini si kila spika husema ukweli kuhusu nafsi yake, kwa hiyo usijaribu kuukokotoa. Weka kitelezi cha kusogeza mtetemo kuanzia 0 hadi milisekunde 400, na uhifadhi thamani yake kwa jina la kila spika, ili mtumiaji asirudie kazi hiyo kila siku.

Namna ya kukipima: acha mmoja wenu anayesikia apige makofi na wimbo kutoka kwenye spika, mdogo wako amtazame mikono huku ameshika simu, na asogeze kitelezi mwenyewe mpaka kofi analoliona na kishindo anachokipata kiganjani viwe kitu kimoja. Simameni karibu na spika mnapopima, kwa sababu kila mita 10 hewani huongeza milisekunde 29 nyingine.